Kikombe cha Kuongeza Damu

Jumamosi ya Agosti, saa kumi na moja jioni.

Upepo wa leo hauna adabu. Nimefagia uwanja mara mbili, na mara mbili umenirudishia vumbi lote barazani pamoja na mifuko ya majirani. Midomo imekauka, nimevaa soksi ndani ya kandambili kama mgonjwa. Lakini sijambo. Niko imara kuliko nilivyokuwa wiki nzima, na ndiyo maana nimekaa kuandika sasa hivi kabla moyo haujabadilika.

Leo naandika kosa langu, na naliandika kwa jina langu.

Mnaonisoma siku nyingi mnanijua. Kwa mgeni: naitwa Tekla, ni mtu wa masjala katika wizara moja hapa Dodoma, naishi Area D, na ni mjuaji. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Faili likipotea ofisini naulizwa mimi, na nalitoa. Mtoto wa jirani akikohoa nagongewa mimi. Kwaya ikigombana naitwa mimi kusuluhisha, na nikishasema nimesema. Nimezaa mara moja, mtoto wa kiume, sasa ni mtu mzima yuko Tabora kikazi, na nilimlea peke yangu bila kuuliza mtu. Neno "sijui" kinywani mwangu huwa linakwama.

Mwezi wa kwanza mwaka huu dada yangu Vero aliniletea binti yake wa mwisho, Anastazia. Tunamwita Stazia. Vero yuko Chemba, analima na kuuza mbuzi mnadani, na shule ya sekondari waliyompangia mtoto ilikuwa mbali na nyumbani. Tukahangaika na uhamisho mpaka akapata nafasi kwenye shule iliyo karibu na kwangu, anakwenda kwa miguu na kurudi. Ana miaka kumi na minne, mrefu, mwembamba, mpole, na kwenye hisabati ni moto wa kuotea mbali.

Watoto wa kike sikuwahi kulea. Lakini nilishakuwa msichana, nikajiambia yatosha.

Stazia alivunja ungo mwaka jana akiwa darasa la saba, na siku zake zilikuja kwa fujo. Siku sita, siku saba, pedi juu ya pedi. Alikuwa akisimama haraka anashika ukuta. Siku moja nikamvuta kope ya chini ya jicho, nikaona weupe. Huyu damu imekwisha, nikasema, na dawa ninayo ndani.

Hapa kwetu kila mtu anaijua dawa ya damu. Mwanamke akijifungua analetewa mvinyo mwekundu. Mtu akitoka hospitali kufanyiwa operesheni, mvinyo mwekundu. Tunalima zabibu, tunakunywa zabibu, na kwa kuwa ule mvinyo ni mwekundu na mzito, tumeshaamua kwamba ukifika tumboni unageuka damu. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo. Mimi mwenyewe nilipojifungua niliunywa mwezi mzima, nikainuka.

Na mvinyo wangu natengeneza mwenyewe. Kila mavuno nanunua ndoo mbili za zabibu kwa mkulima wa Mpunguzi, nazipondaponda kwa mikono, natia sukari na hamira, nafunika kwa kitambaa, nangoja, nachuja. Ni mtamu, ila utamu wake usikudanganye. Shemeji yangu mmoja alikunywa glasi tatu za Krismasi, tukamkuta amelala kwenye banda la kuku.

Baada ya Pasaka nikaanza kumpa Stazia. Mvinyo nusu kikombe, kila jioni, pamoja na chakula. Nilimwambia ni dawa. Siku za mwanzo alikunja uso na kunywa kwa haraka akiwa amefumba macho, kama mtoto wa kliniki. Baada ya wiki chache akawa hakunji uso. Mwezi wa sita kizunguzungu kilikuwa bado kipo, kwa hiyo nikafanya nilichoona ni akili: nikaongeza. Kikombe kizima. Saa mbili usiku mtoto akawa hoi, amelalia daftari, nikasema vizuri, mwili unapumzika. Kuna jioni nilichelewa kutoka kazini, nikakuta ameshajimiminia mwenyewe. Nilifurahi jamani. Nilifurahi! Nikasema mwili umeonja dawa, sasa unaidai.

Hiyo sentensi nimeiandika, nimeisoma mara tatu, na naiacha hapo hapo.

Wala sikuishia kwake. Mwezi wa sita niliandika hapa hapa kwenye blogu nikiwashauri akina mama wawape mabinti zao waliovunja ungo kikombe cha mvinyo wa nyumbani, nikaweka na vipimo vya sukari. Mlinipongeza sana. Mama mmoja wa Chimwaga aliandika kwamba binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye hata ungo hajavunja, ameupenda na anauomba. Nikamjibu kwa kumwekea alama ya moyo.

Sasa, pedi nyumbani nanunua mimi, kwa hiyo niliyegundua ni mimi. Pakiti ya mwezi wa tano ilitumika nusu. Ya mwezi wa sita haikufunguliwa. Ya mwezi wa saba nayo ipo na nailoni yake. Jumapili iliyopita nimetoka kanisani, nimefungua kabati kutafuta shuka, nikasimama pale na pakiti mbili mkononi. Nikaanza kurudi nyuma kwa miezi kama ninavyofanya kwenye rejista, na akili yote ikaishia kwenye neno moja.

Mimba.

Sikumwuliza. Nilimsomea mashtaka. Nilimtaja kijana wa duka la kona, ambaye kosa lake ni kusema "karibu dada". Nikamtaja mwalimu wa twisheni, mtu wa watu mwenye familia yake. Stazia alilia mpaka kwikwi, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la bibi yake. Nikamwambia wote huapa hivyo hivyo. Kisha, kabla ya kipimo, kabla ya kukaa chini nikapumua, nikampigia simu mama yake.

Dada yangu hana maneno mengi. Aliuliza tu, "Ya nani?" Nikasema hataji. Akasema, "Jumamosi nakuja kumchukua. Mimi sisomeshi mimba." Akakata.

Jumatatu nilinunua kipimo duka la dawa, nikamsimamia Stazia mlangoni mwa choo kama askari magereza. Mstari mmoja. Nikasema kipimo kibovu. Jumanne asubuhi nikarudia, mstari mmoja. Nikasema hivi vya dukani haviaminiki, nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka kituo cha afya wampime kitaalamu.

Daktari alikuwa binti mdogo. Nadhani hata mwanangu wa Tabora anamzidi umri. "Shikamoo mama," akasema, nikaitikia marahaba huku namtafuta kwa macho daktari mwenyewe. Akapima mkojo, akatuma damu maabara. Majibu yakaja: mimba hakuna, ila damu iko chini. Nikamwangalia Stazia. Yeye alikuwa anaangalia bango la chanjo ukutani.

Ndipo maswali yakaanza. Anakula nini, analala saa ngapi, ana mawazo yoyote, uzito umepungua, kuna dawa anatumia? Nikawa najibu mimi, haraka haraka. Hakuna, hakuna, hakuna. Pombe je? Hapo nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia.

"Daktari, huyu ni mtoto wa kidato cha kwanza," nikasema. "Kwangu hakuna mlevi."

Stazia akasema taratibu, kwa adabu zake zote, "Nakunywa mvinyo. Kikombe kimoja kila siku jioni. Wa mama mdogo, wa kuongeza damu."

Daktari aliniangalia. Hakupaza sauti. Angepaza, nami ningepaza yangu, tungejuana. Alisema tu, "Mama, mvinyo ni pombe."

Nilibisha, msidhani sikubisha. Nikamwambia hii si ya baa, ni zabibu za hapa hapa, natengeneza kwa usafi, hata waliotoka kujifungua wanapewa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akavuta karatasi akaanza kuchora.

Nitawaeleza nilivyoelewa mimi, kwa lugha ya masjala, maana ndiyo ninayoijua. Kichwani kuna ofisi ya mkubwa. Ofisi hiyo inatuma barua kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ile tezi nayo inaandika barua kwenda kwenye ovari. Ovari zikipata barua zinatoa homoni zake, na homoni hizo ndizo zinazokuza matiti na nyonga, zinazopanga hedhi, zinazosaidia mifupa kukomaa. Kwa mwanamke mzima barua zimeshazoea njia. Kwa msichana wa umri wa Stazia ofisi ndiyo kwanza imefunguliwa, watumishi wote ni wageni. Ukimwagia pombe kila siku, barua zinachelewa, nyingine hazitoki kabisa. Homoni za kike zinaweza kushuka, na ile homoni inayomkuza mtoto nayo inaweza kushuka. Ambaye hajavunja ungo anaweza kuchelewa kuvunja. Aliyekwisha kuvunja, siku zake zinaweza kuvurugika. Na mifupa inaweka akiba yake kubwa miaka hii hii, haingoji mtu amalize shule.

Mimi nikaona pa kumkamata. Nikamwuliza, una hakika gani kwamba ni mvinyo? Nilitegemea ababaike.

Akasema hana hakika.

Akasema mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kuvunja ungo siku huweza kurukaruka zenyewe bila sababu ya kutisha. Akasema Stazia ni mwembamba na damu yake ni kidogo, na hayo nayo yanaweza kuchangia. Akasema mengi yanayojulikana juu ya pombe na balehe yametokana na wanyama wa maabara, kwa wasichana wenyewe utafiti bado ni mchache, ingawa uliopo unaonyesha upande huo huo. "Kwa hiyo sikwambii ni mvinyo peke yake," akasema. "Nakwambia nina mtoto wa miaka kumi na minne anayekunywa pombe kila siku, na hicho ndicho kitu tunachoweza kukiondoa leo. Tukiondoe, tumtibu damu, tuone mwili unasemaje."

Nilimheshimu palepale. Kasema hajui, na bado alikuwa na la kufanya.

Damu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikamwuliza, sasa huu wekundu wote? Akatabasamu kidogo, akasema wekundu wa zabibu ni rangi ya ganda lake. Madini ya chuma kwenye mvinyo ni kiduchu, na ukiunywa pamoja na chakula, kama ilivyo kwa chai, unakizuia hata kile chuma cha kwenye maharage na mboga kisiingie vizuri mwilini. Maana yake miezi yote ile nilikuwa namwekea mtoto sahani ya chakula cha damu, halafu pembeni namwekea kikombe cha kuizuia.

Tukapewa vidonge vya madini ya chuma na tarehe ya kurudi. 

Nilipofika nyumbani nikampigia Vero. Nikamwambia mimba hakuna, daktari amethibitisha, damu iko chini kidogo, na kwamba mengine ni mambo ya umri. Ilikuwa kweli nusu. Nusu niliyoiacha ndiyo iliyonihusu mimi. Nilidhani atashusha pumzi aseme haya, basi. Vero akasema, "Mimba hana, siku zake hana, damu hana. Huko mjini mnamfanya nini mwanangu? Nakuja Jumamosi kama nilivyosema."

Nikaingiwa na hofu ya kweli. Namjua dada yangu. Stazia akisharudi Chemba mwezi huu, atakaa wiki mbili za kupumzika, halafu wiki mbili za kusaidia kidogo, halafu shule iko mbali na mbuzi wako karibu. Hatasema amemwachisha. Itatokea tu. Alhamisi asubuhi Stazia akiwa anafunga viatu aliniuliza, "Mama mdogo, utamwambia nini mama?" Nikamwambia niachie mimi. Hakuonekana kutulia.

Uongo niliokuwa nao ulikuwa mzuri, nakiri. Mambo ya umri, vidonge, mitihani inakaribia, mwache amalize mwaka. Ningeusema vizuri na Vero angelegea. Ukweli, kwa upande mwingine, ungempa sababu ya kumbeba mtoto mchana kweupe, na asingekuwa na kosa. Nani anamwacha binti yake kwa mtu anayemnywesha pombe?

Lakini Ijumaa nikiwa kazini, katikati ya kupanga majalada, nikaona kitu. Nikisema ni umri, na Vero akamchukua hivyo hivyo, atafanya nini akifika naye nyumbani? Atamwona mweupe wa macho, atasema mtoto hana damu, atamtafutia mvinyo mwekundu. Kwa mapenzi yake yote. Kama nilivyofanya mimi. Nikafunga jalada nikasema haya, kesho nasema.

Wakati huo huo nilikuwa nikijitahidi kwa Stazia. Jumatano maini. Alhamisi dagaa na mlenda, na ndimu pembeni. Ijumaa nikamletea sketi mpya ya shule. Kwetu ndivyo mtu mzima anavyorudi kwa mtoto aliyemkosea. Hasemi kitu, anapika, ananunua, na mtoto anaelewa. Marehemu mama aliwahi kunichapa kwa kosa la Vero, kesho yake nikaamka nikakuta nimechinjiwa kuku, na tukaishi. Stazia alikula maini, akasema asante. Akajaribu sketi, akasema asante. Kila mara akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nikasema yamekwisha.

Leo saa nne Vero akafika. Kuku mmoja mkononi, begi kubwa begani, tupu. Begi tupu lile lilinikata maini, nikajua la nani. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa mkato. Stazia akatoka chumbani akamsalimia mama yake, akachukua kuku, akasimama naye tu katikati ya sebule bila kujua ampeleke wapi.

Nikasema kabla maji ya kunywa hayajaletwa. Nilijijua, nikingoja chai nitageuza maneno. Nikamwambia yote: kope, Pasaka, nusu kikombe, kikombe kizima, jioni ile niliyofurahi. Nikamweleza karatasi ya daktari, barua na ovari. Nikamwambia na lile alilosema hana hakika nalo, ili asije akadhani namwongezea wala nampunguzia. Nikamwambia Jumanne nilimficha.

Vero akahamia Kirangi, lugha yetu ya nyumbani, akasema mambo ambayo siyaandiki hapa. Halafu akaniambia nilete huo mvinyo. Nikaleta chupa. Akamimina kidogo, akaonja, akaangalia ndani ya glasi.

"Mtamu," akasema. "Ningekuwa mimi ningempa pia." Nikaanza kupumua. Akaendelea, "Lakini mimi niliishia darasa la saba, Tekla. Nilimleta kwako kwa sababu wewe ndiye unayejua."

Hilo nalichukua. Ni langu.

Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia aweke huyo kuku chini kwanza, akamwuliza, "Wewe unataka nini? Unabaki au tunaondoka?"

Stazia hakuharakisha. Nilikuwa na uhakika nitasikia jina langu na neno mvinyo. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata uso nilikuwa nimeupanga.

"Nataka kubaki," akasema. "Shule naipenda. Na mvinyo simlaumu mama mdogo, alikuwa ananipa kwa kunipenda, ananimiminia mimi kabla hajajimiminia. Ila nilimwambia sijalala na mtu. Nikaapa. Akanisimamia chooni mara mbili. Hospitali wakamwambia sina mimba, na mpaka leo hajaniambia kitu." Akanigeukia. "Kama nitabaki, aniombe radhi."

Jamani. Mtoto wa miaka kumi na minne, mbele ya mama yake, kwa mtu mzima! Kitu cha kwanza kilichonipanda ni hasira, siwafichi. Nilitaka kusema unaongea na nani. Nikamwangalia Vero anisaidie, nikamwona anaangalia sakafu, maana naye siku ile kwenye simu hakuuliza swali la pili.

Halafu hasira ikaniishia miguuni. Alikuwa anasema kweli. Wiki nzima nimejilaumu kwa kikombe. Nimesoma, nimepika, nimeungama, nimepanga kuwaandikia ninyi, yote ni kikombe. Kikombe kilikuwa ujinga, na ujinga wangu naweza kuusema kwa sauti kubwa hata sokoni. Lakini nilimwona mtoto analia mbele yangu, anasema kweli tupu, nikachagua kutomwamini kwa sababu mahesabu yangu ya pedi yalikuwa yameshatoa jibu. Huo haukuwa ujinga. Ulikuwa ukatili, na maini ya Jumatano hayakuufikia.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, lakini nikiwa nimekaa neno lisingetoka.

"Stazia, ulisema kweli nikakuita mwongo. Nilikudhalilisha. Nisamehe, mwanangu."

 Maneno yale sijawahi kuyasema kwa mtu mdogo kwangu, hata kwa mwanangu wa kumzaa, na sasa hivi nikiwaza nakumbuka mara mbili tatu nilizopaswa kumwambia yeye pia. Nitampigia.

Stazia akasema, "Asante, mama mdogo." Hakusema amenisamehe. Sikumsukuma aseme.

Vero akala, akalala kidogo, akaondoka na basi la saa tisa na begi lake tupu. Mlangoni akaniambia kwa ukali wake wa kawaida kwamba anamwacha mpaka Desemba, na kwamba safari ijayo wa kumpigia simu na majibu ya daktari awe mtoto mwenyewe, sio mimi. Nikasema sawa. Ni haki yake.

Sasa ninyi. Lile andiko langu la mwezi wa sita sijalifuta, maana mngedhani halikuwepo. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba nilikosea. Mama wa Chimwaga nimemtafuta tangu juzi, amenijibu leo mchana. Ameacha kumpa binti yake na atampeleka apimwe damu. Wengine mliofuata ushauri wangu, acheni leo, siyo chupa ikiisha. Binti akiwa na kizunguzungu, apimwe damu. Siku zake zikiruka miezi mitatu, mpelekeni kwa wataalamu, na mkiulizwa kuhusu pombe msicheke, semeni na ile ya kwenye ndoo jikoni. Hata kama ni zabibu, hata kama ni wanzuki wa asali, hata kama bibi ndiye aliyeitengeneza. Nilikuwa nikisema kwa uhakika nilipokosea, na nasema kwa uhakika uleule sasa nikiwa nimeelekezwa.

Jua linaingia nyuma ya nyumba za mtaa wa pili. Stazia yuko chumbani anafanya hesabu, na leo mlango umebaki wazi kidogo, kiasi cha kupita mkono. Nimepita mara mbili kwenda jikoni bila kuchungulia.

Mwili wake utatengemaa, nina imani hiyo. Itakuwa mwezi huu, au ujao, au baada ya hapo, sitahesabu pakiti tena kumvizia. Ninalojiuliza ni moja tu, na jibu lake haliko masjala: siku hiyo ikifika, ataniambia mimi?